Ukibabuka na Dawa, Usinyamaze!

Je, umewahi kusikia wazazi wakisema, "Fansidar inababua"? Mwaka 2001 Tanzania iliacha klorokwini, ikaanza kutibu malaria kwa SP, yaani Fansidar na ndugu zake. Wengi walipona salama. Lakini wachache sana walitokwa malengelenge, ngozi ikachunika, macho na midomo ikawa vidonda. Hali hiyo ni nadra, ila inaweza kuua. Chanzo ni salfa, ambayo imo pia kwenye Septrin.

Ufanyeje basi? Ukimeza dawa ukaona vipele au vidonda mdomoni, iache, wahi hospitali na pakiti yake. Usisubiri! Na ukishadhurika, kila uendapo, hata duka la dawa Kariakoo, sema: "Mimi salfa inanidhuru."