Saa ya Kufa na Kazi za Mikono Yetu

Mwezi wa Novemba Kanisa latukumbusha ndugu zetu marehemu. Twaenda makaburini, twang'oa majani, twawasha mishumaa na kuwaombea Misa. Desturi hiyo ni njema, wala asiwepo mtu wa kuiacha. Walakini kaburi lina neno lake kwa aliye hai pia. Lamwuliza: nawe je, siku zako wazitumiaje? Aghalabu swali hilo twalipita mbio, mpaka siku ile daktari anapoyasoma majibu ya vipimo na kunyamaza kidogo kabla ya kusema. Hapo ndipo mtu huzitazama kazi zake kwa jicho jingine. Yeye aliyesema miaka yote kwamba hana nafasi, sasa aitafuta nafasi, na siku zimekuwa chache.

Wengi hudhani ya kuwa hofu ya kufa yatosha peke yake kumgeuza mtu. Maisha ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola yatufundisha vingine. Alikuwa askari wa cheo, mpenda sifa, mwenye umri wa miaka thelathini hivi. Mwezi wa Mei 1521, akiulinda mji wa Pamplona huko Hispania, alipigwa na kombora la mzinga lililomvunja mguu. Mwezi uliofuata hali yake ilikuwa mbaya hata akapewa Sakramenti za mwisho. Ndipo, usiku wa kuamkia sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo, akaanza kupata nafuu. Je, aliamka mtu mpya? Hasha. Mfupa wa mguu ulikuwa umeunga vibaya na kutokeza nje, naye akaamuru ukatwe upya, apate kuvaa viatu vizuri vya kiungwana! Kifo kilikuwa kimemgusa, naye bado alikuwa akiwaza urembo wa mguu.

Kilichomgeuza ni zile siku ndefu za kulala kitandani. Aliomba hadithi za mashujaa, zikakosekana nyumbani. Akapewa kitabu cha maisha ya Kristu na kingine cha watakatifu. Akaanza kujichunguza. Aliona kwamba mawazo ya sifa za dunia yalimfurahisha kwa muda, kisha yakamwacha mkavu. Lakini mawazo ya kumtumikia Mungu yalimwachia furaha isiyoondoka. Basi tujue ya kuwa hofu hutikisa tu. Kinachobadilisha maisha ni kutulia na kufikiri, na jambo hilo laweza kufanywa na mtu mzima wa afya, bila kungoja kombora.

Inyasi mwenyewe alituachia njia ya kufanya hivyo. Katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, kilichokubaliwa na Papa Paulo III mwaka 1548, amshauri mtu anayetaka kuamua neno kubwa ajifikirie yu katika saa ya kufa, na kujiuliza: wakati huo ningependa niwe nimechagua nini? Akiisha kupata jibu, achague hilo leo.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Mwezi wa Septemba 1962 Papa Yohane XXIII, akikaribia umri wa miaka 81, alijua kwamba ana ugonjwa mkubwa tumboni. Nao ulikuwa saratani. Tarehe 11 Oktoba aliufungua Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Majuma mawili baadaye, Marekani na Urusi zilipokaribia kupigana kwa sababu ya silaha zilizowekwa Kuba, aliwasihi wakuu wa mataifa kwa njia ya redio wakisikie kilio cha watu waliotaka amani. Tarehe 11 Aprili 1963 akatoa Waraka wa Amani Duniani, akiwaelekezea watu wote wenye mapenzi mema, hata wasio Wakatoliki. Siku 53 baadaye, tarehe 3 Juni, akafariki. Mtaguso aliouanzisha ulifungwa mwaka 1965, chini ya Papa Paulo VI.

Tuangalie vema. Mzee huyu hakuitupa kazi kwa kuwa anakufa. Wala hakujificha katika shughuli ili asahau kwamba anakufa. Alichagua neno moja kubwa, amani, akalimaliza. Na neno jingine kubwa akakubali kuwaachia wengine walimalize. Huu wa pili ndio ushindi mgumu zaidi. Wangapi kati yetu husema, "Nikimaliza nyumba hii nitapumzika na wanangu"? Nyumba yaisha, chaanza kiwanja cha pili. Hata tajiri yule wa Injili alikuwa akipanga ghala mpya usiku ule ule alioitwa.

Yatasemwa: maneno haya yawafaa wenye mishahara minono. Dereva wa daladala anadaiwa hesabu ya tajiri kila jioni. Mama muuza mboga huamka saa tisa za usiku kwenda sokoni. Wapunguze nini, watoto wasilale njaa? Ni haki kuuliza hivyo, nasi hatumwambii mtu aweke jembe chini. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Jasho linalomlipia mtoto ada ni upendo, na mbele ya Mungu lahesabiwa hivyo. Lakini yako mambo yasiyohitaji fedha wala likizo, ambayo kila anayekaribia kufa hutamani awe ameyafanya. Hayo tuyafanye tukiwa wazima.

Kwanza, tusamehe na kuomba msamaha. Ugomvi wa mpaka wa shamba wenye umri wa miaka kumi waweza kwisha kwa jioni moja, nao ukiachwa utarithiwa na watoto.

Pili, tuweke mambo wazi nyumbani. Mke ajue shamba li wapi, hati ziko wapi, nani anatudai na nani tunamdai. Mali bila daftari huisha bila habari. Tuandike wosia mbele ya mashahidi. Katika Tanzania, RITA husaidia kuuandika na kuutunza. Kuandika wosia si kujitabiria kifo. Wajane wangapi wamefukuzwa katika nyumba walizojenga kwa mikono yao, kwa sababu tu mume aliogopa kuandika karatasi moja?

Tatu, Dominika iwe siku ya Mungu na ya jamaa. Hata mwenye kazi ya zamu aweza kutenga saa moja ya kula na watoto, simu ikiwa imewekwa kando. Mtoto asiyeijua sauti ya baba yake isipokuwa ya kukemea, atalia nini kaburini?

Nne, tusiwafiche wagonjwa wetu. Mara nyingi ndugu hunong'ona nje ya mlango, na mgonjwa huambiwa ni malaria tu. Kwa huruma hiyo twamnyang'anya siku zake za mwisho: hapati kuagana, hapati kuungama kwa utulivu, hapati kusema anachotaka. Tumwambie kwa upole, kwa kadiri anavyotaka kujua, tumwite padre mapema, kisha tukae naye.

Wasomaji wetu, jioni moja ya mwezi huu, watoto wakiisha kulala, mume na mke waketi pamoja na kuulizana swali la Mtakatifu Inyasi: tukifa mwaka huu, tungependa tuwe tumefanya nini? Waandike mambo matatu, si zaidi. Na lile liwezekanalo kesho asubuhi, lifanywe kesho asubuhi.