Mazungumzo Darasani na Haja za Mwanafunzi



Wazazi kadhaa wametuletea suali hili: Kwa nini mtoto husoma chuoni kwa bidii mpaka afikapo miaka 12 au 13, kisha akaanza kutafuta nyudhuru, leo kichwa, kesho kazi ya skuli, na mwisho hakanyagi tena? Wengi huzilaumu simu na mpira. Hatukatai kuwa simu na mpira vina sehemu yao katika jambo hili, lakini twaona iko sababu nyingine iliyo karibu zaidi, nayo imo ndani ya darasa lenyewe. Mtoto huyo huenda amekaa mbele ya maalim wake miaka saba, na katika muda wote huo maalim hakupata kuisikia sauti yake ila akisoma maneno yaliyoandikwa na wengine. Hakuulizwa aonavyo, wala hakupewa nafasi ya kuuliza.

Hebu tuutazame mwendo wa darsa zetu zilizo nyingi. Mwalimu hufungua kitabu, husoma jumla moja ya Kiarabu, huifasiri, huisherehesha, kisha huenda kwenye ya pili. Wanafunzi wameinamisha vichwa. Akifika mwisho wa mlango huinua uso na kuuliza, "Mmefahamu?" Nao hujibu wote kwa pamoja, "Naam, sheikh." Darsa imekwisha. Lakini suali lile si suali, kwani jibu lake lajulikana kabla halijatolewa. Na ole wake atakayesema "Mimi sikufahamu"! Wenzake watamcheka, na mwalimu atamuona anapoteza wakati. Ndani ya "naam" ile moja wamo waliofahamu, na waliofahamu kinyume, na aliyesinzia, na aliyekuja bila ya kutia kitu tumboni tangu asubuhi, na yule ambaye kwao kuna ugomvi na usiku kucha hakulala. Mwalimu hana njia ya kuwapambanua, maana yeye amesema saa nzima na wao hawakusema.

Si chuoni peke yake. Skuli nazo zilikwenda mwendo huo miaka mingi: mwalimu asema, watoto waandika. Mtaala wa umilisi uliojaribiwa nchini mwetu mwaka 2017, na kuanza kuenezwa mwaka 2019, unataka mtoto azungumze, atende na aulize, ingawa kulitimiza hilo katika darasa lililosongamana si kazi ndogo. Matokeo yake ni kwamba mtoto mmoja, katika siku moja, huambiwa asubuhi "Sema unavyofikiri," na alasiri huambiwa "Nyamaza usikilize." Je, ataipenda ipi? Na ataiona dini yake ni kitu cha namna gani?

Wako watakaosema kuwa kumpa mwanafunzi nafasi ya kusema ni desturi ya Wazungu. Hao twawaomba wairejee Sahihi ya Bukhari, katika Kitabu cha Elimu. Humo Imamu Bukhari aliweka mlango mzima juu ya mwalimu kuwatupia wanafunzi wake suali ili ajue walicho nacho katika elimu. Akaitia humo hadithi ya Abdallah bin Umar (r.a.), ambayo Muslim pia ameipokea. Mtume (s.a.w.) alikuwa amekaa na sahaba zake, akawapa kitu mfano wa kitendawili: uko mti usiopukutisha majani, nao wafanana na Muislamu, ni mti gani? Watu wakaenda na fikira zao kwenye miti ya jangwani. Ibn Umar moyoni mwake alijua kuwa ni mtende, lakini alitazama akawaona Abu Bakar na babake wamenyamaza, naye ni mdogo kuliko wote, akaona haya. Wakamuomba Mtume awaambie, naye akawaambia kuwa ni mtende. Walipotoka, Ibn Umar alimwambia babake yaliyomo moyoni mwake. Sayyidna Umar hakumwambia, "Umefanya adabu, mwanangu." Alimwambia kuwa lau angalisema, jambo hilo lingalikuwa bora kwake kuliko mali kadha wa kadha.

Natutue hapa kidogo, kwani hadithi hii tunaisomesha lakini hatuiingizi darasani. Mtume (s.a.w.) alijua jibu, na angaliweza kulitoa kwa neno moja. Aliwaachia watu wafikiri, wakosee, wakawie. Sayyidna Umar naye alikuwa mkali kama ajulikanavyo, lakini alihuzunika kwa kuwa kijana alinyamaza na hali anajua. Kimya ambacho sisi twakisifu, yeye alikiona ni hasara. Tena Umar huyu huyu, alipokuwa Khalifa, alikuwa akimwingiza Abdallah bin Abbas katika baraza la wazee wa Badri. Baadhi yao wakanung'unika: mbona kijana huyu aingia nasi, nasi tuna watoto kama yeye? Siku moja Umar akawauliza wote maana ya Suratun-Nasr. Wako waliosema ni amri ya kumsifu Mwenyezi Mungu na kumtaka msamaha, na wako walionyamaza. Akamgeukia kijana, naye akasema kuwa sura hiyo ilikuwa ni kumjulisha Mtume kuwa ajali yake imekaribia. Umar akasema kuwa naye hajui ila hilo. Ibn Abbas hakuinuliwa kwa kusifiwa. Aliulizwa mbele ya watu, akasikilizwa, na jibu lake likapokewa.

Katika zama zetu, wataalamu wawili wa elimu ya nafsi wa Marekani, Edward Deci na Richard Ryan, walitoa kitabu mwaka 1985, na katika maandishi yaliyofuata wakaeleza kwamba nafsi ya mwanadamu ina haja tatu za asili, kama mwili ulivyo na haja ya chakula na maji. Ya kwanza ni kuona kuwa jambo alitendalo latoka katika hiari yake. Ya pili ni kujiona kuwa anaweza. Ya tatu ni kuwa na mafungamano na watu wanaomjali. Sasa mtieni katika mizani hiyo mwanafunzi anayesikiliza tu. Hiari hana, kwani hata suali la kuuliza hakulichagua. Uwezo wake hajui kama anao, kwani haujajaribiwa. Na mafungamano atayapata wapi, ikiwa ameketi na wenzake thalathini na wote wamemkabili mtu mmoja, hakuna anayemgeukia mwenziwe?

Na mwili pia una haja zake, nazo hutangulia. Inasimuliwa katika habari za Abu Yusuf, mwanafunzi mkubwa wa Imamu Abu Hanifa, kwamba alikuwa maskini, na babake akamwambia aache kukaa na Abu Hanifa, kwani yule ana mkate wake na wewe huna. Abu Yusuf akapunguza kuhudhuria. Abu Hanifa akamkosa, akamuulizia, na aliporudi na kueleza sababu akampa mfuko wenye dirhamu mia moja na kumwambia ashikamane na darsa, na zikimalizika amjulishe. Baadaye Abu Yusuf akawa kadhi mkuu wa Baghdad. Watu hukisimulia kisa hiki kwa ajili ya ukarimu wa Imamu, na ni kweli, lakini mimi huniajabisha lile neno "akamkosa." Darsa ya Abu Hanifa huko Kufa ilikuwa ni ya mudhakara: mas'ala yaliletwa katikati, kila mmoja akatoa hoja yake, na pengine mas'ala moja yalichukua siku kadhaa. Wanafunzi wake wakubwa walimkhalifu katika mambo mengi, na kauli zao zimeandikwa katika vitabu vya madhehebu pamoja na zake. Mahali pa namna hiyo, mtu asipokuja hubaki pengo, maana ilikuwako sauti na sasa haiko. Kwetu sisi, mtoto hukosekana miezi miwili ndipo maalim amuulizie, tena kwa ajili ya ada.

Ama kwa upande wa elimu yenyewe, Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufa Cairo mwaka 1406, alikwisha kulisema hili katika Muqaddima yake. Alilalamika juu ya wanafunzi wa nchi za Maghribi, kwamba hutumia sehemu kubwa ya umri wao katika kuhudhuria vikao vya elimu wakiwa kimya, hamu yao ni kuhifadhi, na mwisho hawapati malaka, yaani ule ustadi wa kuitumia elimu. Akaeleza kwamba njia nyepesi ya kuupata ustadi huo ni kuufungua ulimi kwa mazungumzo na kuhojiana. Akataja kuwa muda wa kukaa madrasani huko Maroko ulikuwa miaka 16 na Tunis ulikuwa mitano, na urefu ule wa Maroko aliuhesabu kuwa unatokana na ubaya wa kufundisha. Miaka 16! Na siku hizi hesabu zimelithibitisha neno lake. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake wa Marekani walikusanya uchunguzi 225 uliofanywa katika vyuo vikuu kwenye masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati. Waliosomeshwa kwa kuhutubiwa tu walianguka mitihani kiasi cha 34 katika kila 100, na walioshirikishwa darasani wakaanguka 22 hivi.

Hatusemi kila kitu kijadiliwe. Matamshi ya herufi hayana mashauri. Mtoto hana rai yake katika kuitamka *dhadi*, bali husikiliza na kufuatiza mpaka ulimi ukae sawa. Kuhifadhi nako ni kuhifadhi. Lakini maana, na hukumu, na tabia, na yale yampatayo kijana nje ya mlango wa msikiti, hayo hayaingii moyoni kwa kumiminiwa.

Mwangalieni yule kijana aliyekuja kwa Mtume (s.a.w.) kumuomba ruhusa ya kuzini, kama ilivyo katika Musnad ya Imamu Ahmad kutoka kwa Abu Umama. Watu walimkemea. Mtume akamwita karibu, akamkalisha, akamuuliza: je, wampendea hilo mamako? Akasema la. Bintiyo? La. Dadako? La. Shangazi yako? La. Kila mara Mtume akamwambia kuwa na watu wengine pia hawawapendei jamaa zao. Kisha akamuwekea mkono, akamuombea. Hakumsomea hotuba. Kijana yule alifika kwenye haki kwa miguu yake mwenyewe, tena mbele ya watu, bila ya kuaibishwa. Leo kijana gani atathubutu kuleta suali kama lile katika darsa zetu? Hathubutu. Lakini suali halifi kwa kuzuiwa; hulichukua mpaka kwenye simu yake, usiku, akajibiwa na mtu asiyemjua wala kumjali, na huenda ni mtu mwenye shari. Sisi tutakuwa wa mwisho kupata habari.

Najua nitaletewa kisa cha Nabii Musa na Khidhri (a.s.), kwamba mwalimu alimshurutisha mwanafunzi asiulize. Ni kweli, lakini kisa kikisomwa mpaka mwisho, Khidhri hakumwacha Musa aende hivi hivi. Alimfafanulia mambo yote matatu moja moja. Walimu wengine hushika sharti na kuuacha ufafanuzi.

Wengine watasema kitabu hakitakwisha. Huenda. Lakini tumuulize mwalimu kitabu alichokikhitimisha mwaka jana kimekwisha kwa nani. Na iko sababu nyingine ambayo walimu hatupendi kuitaja, nayo ni woga. Anayesema peke yake hachezi ugenini: alikwisha kutazama sherehe usiku, na yote atakayoyasema yako mkononi. Anayefungua mlango wa masuali hajui kitakachoingia. Wala si aibu. Imamu Malik, na haiba yake yote huko Madina, alikuwa akiulizwa masuali mengi na katika mengi yake akijibu kuwa hajui, na watu hawakuacha kumwendea kutoka nchi za mbali. Mwanafunzi akimsikia mwalimu wake akisema "Hili silijui, tutalitafuta sote mpaka kesho," hamdharau. Hujua kuwa kutojua si mauti.

Kwa wale wanaotaka kuanza, mambo si mazito. Watoto wakae duara, si safu. Suali liwe lile ambalo "naam" haitoshi kulijibu: badala ya "Mmefahamu?" aulize, "Lau muuza samaki ana mizani yenye kasoro naye hajui, ana dhambi?" Kisha anyamaze. Mary Budd Rowe, mtaalamu wa Marekani, alionyesha katika maandishi yake ya mwaka 1974 kwamba walimu hungoja jibu kiasi cha sekunde moja tu, kisha huruka. Na walipozoezwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu zaidi na hata watoto waliodhaniwa wazito wakasema. Sekunde tatu ni nyingi mno kwa mwalimu aliyezoea kusema, ajaribu ataona. Akicheka mtu, asimamishwe palepale. Akikosea mtu, aulizwe ameona nini hata akafika hapo, kwani aghlabu kosa lina njia yake na wenzake wawili watatu wamo katika njia hiyo hiyo.

Wasisahauliwe wasichana. Wanawake wa Madina walimwambia Mtume (s.a.w.) kuwa wanaume wamewashinda kwa kumzunguka, awawekee siku yao, naye akawawekea. Katika darsa ambazo wanawake hukaa nyuma ya pazia, sauti yao haifiki mbele kabisa, na pengine wao ndio wengi. Ipitishwe karatasi nyuma ya pazia, kila atakaye aandike suali bila ya jina, na mwalimu aanze kuzijibu hizo kabla ya za waliomkabili.