Utungo Mmoja, Santuri Mbili

Mshairi akishatoa diwani yake, hatutarajii arudi baada ya miaka 26 achapishe shairi lile lile, neno kwa neno, kisha atutake tulinunue tena. Tungemcheka! Lakini katika muziki wa kiklasiki wa Ulaya jambo hili ni la kawaida kabisa. Mpiga piano hurekodi utungo akiwa kijana, akaurekodi tena mvi zikimchomoza, na watu wakanunua zote mbili. Je, huu ni ulafi wa pesa ama kuna jambo?

Kwanza tuelewane. Katika muziki huo, mtunzi na mpigaji aghalabu ni watu wawili. Johann Sebastian Bach wa Ujerumani alifariki mwaka wa 1750, kabla ya santuri kuvumbuliwa, kwa hivyo alituachia nota karatasini tu. Nota husema sauti ipi ipigwe na idumu kwa kiasi gani ikilinganishwa na zenzake. Mengine hazisemi: kasi kamili, uzito wa kidole, mahali pa kuvuta pumzi. Sisi wanachama tunalijua hili katika kughani. Wape wanafunzi wawili shairi moja la tarbia, vina vile vile, mizani ile ile. Mmoja atakutoa machozi na mwingine atakulaza usingizi.

Biashara imo, tusidanganyane. Herbert von Karajan wa Austria, kiongozi wa okestra, alirekodi simfoni zote 9 za Beethoven mara 4: miaka ya 1950 akiwa na okestra ya Philharmonia ya London, kisha mara 3 akiwa na ile ya Berlin, katika miaka ya 1960, 1970 na 1980. Mitambo nayo ilikuwa ikibadilika, hata CD zikaingia madukani, na kampuni zilitaka bidhaa mpya. Kwa maoni yangu huko ni kuipaka nyumba rangi upya. Inapendeza, lakini nyumba ni ile ile. Najua wapo watakaonibishia.

Wa kutazamwa hasa ni Glenn Gould wa Kanada. Mwezi wa Juni 1955, akiwa na umri wa miaka 22, aliingia studio moja mjini New York, jengo ambalo zamani lilikuwa kanisa, akarekodi Mageuzo ya Goldberg ya Bach. Utungo huu ulichapishwa mwaka wa 1741. Una wimbo mfupi uitwao aria, kisha mageuzo 30, halafu aria ile ile inarudi. Kinachogeuzwa si sauti ya juu tunayoweza kuivumisha kwa midomo, bali ni msingi wa besi ulio chini yake. Isitoshe, Bach aliuandikia kinanda cha kale chenye safu mbili za vibao. Kwenye piano yenye safu moja, mikono hupandana kama watu waliobanana ndani ya matatu!

Kijana huyo aliupiga mbio, vidole vikitimka kama mvua ya mawe juu ya bati, ukaisha kwa takriban dakika 38. Santuri ilitoka mwaka wa 1956, ikampa jina duniani. Mwaka wa 1964 aliacha kabisa kupiga mbele ya hadhira, akabaki mtu wa studio.

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Mwaka wa 1981, akiwa na umri wa miaka 48, alirudi katika studio ile ile na kuurekodi utungo ule ule. Safari hii ulichukua dakika 51. Hapa wengi huteleza, wakasema ati mzee alichoka tu, akapunguza mwendo. La hasha! Mwaka wa 1955 hakurudia sehemu ambazo Bach aliruhusu zirudiwe. Mwaka wa 1981 alizirudia baadhi, na hilo peke yake huongeza dakika. Tena geuzo la 25, lenye huzuni kuu kuliko yote, ni fupi kidogo katika santuri ya pili kuliko ya kwanza.

Kwani alirudia kwa nini? Alieleza kwamba alitaka mageuzo yote yaunganishwe na pigo moja. Chukua mtu anayepiga makofi bila kubadilisha mwendo. Geuzo moja linatia nota mbili katika kila kofi, lingine nne, lingine tatu. Msikilizaji anadhani kasi imebadilika, kumbe kofi ni lile lile. Santuri ya kwanza, kwa maoni yake, ilikuwa na vipande 30 vizuri, kila kimoja kikienda zake. Geuzo la 25 la ujana wake alilisema vibaya hasa: aliona mle mna maonyesho ya mpiga piano kuliko muziki wenyewe.

Lakini wapi! Wasikilizaji hawakumtii. Walioipenda santuri ya 1955 waliendelea kuipenda, na mimi ni mmoja wao ninapotaka kuchangamka. Usiku kukiwa kimya huchagua ile ya pili. Gould hakupata nafasi ya kubishana nasi. Santuri ya pili ilitoka Septemba 1982, akapatwa na kiharusi mwezi huo huo, na tarehe 4 Oktoba akafariki, akiwa ametimiza miaka 50 siku chache tu zilizotangulia. Mwaka wa 2002 kampuni ilizitoa zote mbili katika pakiti moja, kijana na mzee bega kwa bega.

Utakayezipata, anza na aria. Mwaka wa 1955 haifiki dakika mbili. Mwaka wa 1981 inapita tatu. Kisha vumilia hadi mwisho wa ile ya pili, aria inaporudi kama Bach alivyoagiza. Nota hazikubadilika hata moja, ila Gould anaipiga polepole zaidi kuliko alivyoianza.