Kufundisha Mdahalo: Je, Mwanamichezo wa Chuo Alipwe?

Midahalo mingi ya Darasa la Sita na la Saba huharibika kabla ya msemaji wa pili kusimama. Sababu si haya ya watoto. Mada huwa na neno ambalo kila upande unalielewa kwa namna yake, nalo halikufafanuliwa. Tutazame mada hii: "Wanamichezo wa vyuo walipwe."

Asili yake ni Marekani, na hapana budi mwalimu aijue. Huko michezo ya vyuo vikuu, hasa mpira wa kikapu na mpira wa Kimarekani, huingiza mamilioni ya dola kwa viingilio na televisheni. Kwa miaka mingi chama kiitwacho NCAA kiliruhusu mchezaji apewe karo, malazi na chakula, ila si mshahara. Kocha alilipwa, mchezaji aliitwa mwanafunzi. Tangu Julai 2021 wachezaji waliruhusiwa kupokea fedha za matangazo yanayotumia majina na sura zao. Tangu Julai 2025 vyuo vinaweza kuwagawia sehemu ya mapato, isiyozidi takriban dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza.

Watoto watauliza yanatuhusu nini. Suleiman Nyambui, aliyetuletea medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980, alikuwa mkimbiaji wa Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso. Henry Rono wa Kenya alivunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington. (Hata leo mgeni mwenye viza ya masomo hubanwa na masharti ya kazi, hivyo fedha hizo mpya hazimfikii kwa urahisi.)

Sasa andika ubaoni maneno matatu: msaada wa masomo, zawadi, ujira. Uliza: timu yetu ikishinda mbuzi, je, mbuzi ni ujira? Waache wabishane. Mmoja atasema zawadi hutegemea hiari ya mtoaji. Mwingine, kwamba ujira una mapatano na waweza kudaiwa. Kisha uliza lililo gumu: mkimbiaji aliyesomeshwa kwa ajili ya miguu yake akivunjika mguu, nani atamlipia karo? Hapo darasa hunyamaza, na fikra huanza.

Upande wa wapinzani usaidiwe zaidi, kwani hoja yao bora haionekani upesi: mapato ya mpira ndiyo hugharimia michezo isiyo na watazamaji wengi, riadha ikiwamo. Wachezaji wa mpira wakilipwa sana, nafasi ya Nyambui mwingine yaweza kufutwa.

Sisi twaona kwamba anayeleta mapato anastahili fungu lake. Lakini mwalimu asitoe maoni yake kabla ya kura. Wasemaji wapewe dakika tatu tatu, na katibu aandike hoja, si majina ya waliozitoa.