SOMO LA AFYA: Mafua Yasiyoisha na Pumu Hupita Njia Moja



Mvua zinapokatika na mavuno ya alizeti kuanza, hewa ya mkoa wetu wa Singida hubadilika. Ardhi hukauka, upepo hupeperusha vumbi la barabarani na mashambani, na katika viwanja vya kupuria, makapi ya alizeti, mtama na uwele huruka hadi ndani ya nyumba. Hiki ndicho kipindi ambacho baadhi yetu hupiga chafya tangu asubuhi hadi jioni, pua zikiwasha na kutiririsha maji. Wengi husema "ni mafua tu", kisha huendelea na kazi.

Somo la toleo hili linahusu mafua ya aina hiyo. Kwa baadhi ya watu, hayo ni dalili inayotangulia pumu. Kwa mtu ambaye tayari ana pumu, pua isiyotibiwa yaweza kuwa sababu ya kifua kutotulia ingawa anatumia dawa.

Mafua ya mzio ni nini?

Mafua ya kawaida huletwa na virusi. Huambatana na homa au maumivu ya koo, na kwa kawaida huisha ndani ya siku 7 hadi 10. Mafua ya mzio hayana homa. Huja kwa chafya nyingi mfululizo, kuwashwa pua na macho, kamasi jepesi kama maji na pua kuziba, hasa usiku. Huweza kudumu kwa wiki au miezi, na hurudi kila mhusika anapokutana na kitu kilekile.

Mzio hutokea kinga ya mwili inapokichukulia kitu kisicho na madhara, kama vile chavua au vumbi la nyumbani, kana kwamba ni adui. Mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya kitu hicho. Kinapoingia tena puani, chembe za kinga humwaga kemikali iitwayo histamini, nayo husababisha kuwashwa, kuvimba na kamasi. Mzio hauambukizwi, ila mwelekeo wa kuupata hurithiwa katika ukoo, sawa na pumu.

Uhusiano wa pua na kifua

Pua ni mlango wa mapafu. Mtu mzima huvuta takriban lita 10,000 za hewa kwa siku. Hewa hiyo ikipita puani huchujwa vumbi, hupashwa joto na kutiwa unyevu kabla ya kufika kifuani. Pua ikiziba, mtu hupumulia mdomo, na hewa kavu, baridi na yenye vumbi hushuka moja kwa moja kwenye mirija ya mapafu. Katika pumu, mirija hiyo huwa imevimba kwa ndani na ni myepesi kusinyaa. Hapo ndipo mgonjwa hubanwa kifua, hukohoa usiku na hutoa mlio kama filimbi anapopumua.

Hata hivyo, uhusiano huo unazidi suala la kupumulia mdomo. Utando unaofunika ndani ya pua unaendelea hadi kwenye mirija ya mapafu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, waliwapima watu wenye mzio. Kitu kinachowadhuru kilipowekwa puani peke yake, dalili za uvimbe zilionekana pia kwenye mapafu. Kilipowekwa kwenye mapafu peke yake, pua nayo iliathirika. Uvimbe huo husafiri kwa njia ya damu.

Mwaka 2001 jopo la wataalamu lililoshirikiana na Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo uliosisitiza kwamba njia ya hewa ni moja. Kwa mujibu wa tafiti zilizokusanywa, watu 10 hadi 40 kati ya kila 100 wenye mafua ya mzio wana pumu pia, na wagonjwa wengi wa pumu wana dalili za pua. Kwa hiyo mwenye mafua ya mzio aulizwe kuhusu kifua chake, na mwenye pumu aulizwe kuhusu pua yake.

Kwa nini jambo hili ni zito?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu duniani na 455,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Vifo vingi hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, ambako ugonjwa hugunduliwa kwa kuchelewa na tiba huwa pungufu. Kwa maneno mengine, vingi vingeweza kuzuilika.

Tuchukue mfano wa mtoto wa darasa la nne ambaye kila msimu wa vumbi hupewa dawa za kuua bakteria zilizonunuliwa dukani kwa ajili ya "mafua na kikohozi". Dawa hizo haziponyi mzio. Mtoto halali vizuri, husinzia darasani, na hukohoa kila akikimbia. Siku anapobanwa usiku wa manane, kijiji kikiwa mbali na hospitali, familia hushangaa ugonjwa umetoka wapi, ilhali dalili zilikuwapo tangu misimu iliyopita.

Tiba na matumizi sahihi

Kwa mafua ya mzio, mganga anaweza kutoa vidonge vya kupunguza mzio. Setirizini na loratadini hazileti usingizi mwingi. Klorofeniramini, ambayo wengi huifahamu kwa jina la Piriton, husinziza. Dereva wa bodaboda au mwendesha mashine ya kukamua alizeti asiitumie akiwa kazini. Dalili zikiwa kali, dawa ya kupuliza puani yenye steroidi hutuliza uvimbe, lakini hutumika kila siku na huchukua siku kadhaa kuonyesha matokeo. Matone ya kuzibua pua yasitumike zaidi ya siku 5, kwani yakizidi pua huziba upya.

Kusafisha pua kwa maji ya chumvi husaidia pia: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika robo lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Yasitumike maji ya kisima au lambo yasiyochemshwa.

Kwa pumu, ziko dawa za kuvuta za aina mbili. Salbutamoli hufungua mirija haraka wakati wa kubanwa, lakini haiondoi uvimbe. Dawa ya kuvuta yenye steroidi ndiyo hutibu uvimbe wenyewe, na isiachwe kwa sababu mgonjwa amepata nafuu. Dhana kwamba dawa ya kuvuta humfanya mtu kuwa tegemezi au hudhoofisha moyo imewafanya wengi kuikwepa. Kiasi kinachovutwa ni kidogo kuliko cha vidonge, nacho hufika moja kwa moja panapohitajika. Anayelazimika kutumia salbutamoli mara kwa mara arudi kwa mganga, maana hiyo ni ishara kwamba pumu haijadhibitiwa.

Mtoto hushindwa kuvuta dawa vizuri bila chombo cha kumsaidia. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni na kuzibwa vizuri kuzunguka mdomo wa dawa, ilifanya kazi sawa na chombo cha kiwandani. Mwombe mhudumu wa afya akuonyeshe namna ya kuiandaa.

Mgonjwa wa pumu amweleze mganga kabla ya kupewa dawa ya maumivu. Asprini, diklofenaki na ibuprofeni huwabana vikali baadhi ya wagonjwa, hasa wenye vinyama puani.

Kinga nyumbani na kazini

1. Nyunyiza maji sakafuni kabla ya kufagia, na mwenye mzio asifagie.
2. Anika magodoro na mablanketi juani. Fua shuka kila wiki kwa maji ya moto. Humo huishi utitiri wa vumbi, mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho.
3. Pikia nje au kwenye jiko lenye dirisha. Moshi wa kuni na wa sigara huchochea pua na kifua.
4. Kuku na mbuzi wasilale chumba kimoja na watu.
5. Wakati wa kupura na kupepeta, funga kitambaa puani na mdomoni, simama upande unakotoka upepo, na watoto wakae mbali.

Dalili za hatari

Mpeleke mgonjwa haraka kwenye kituo cha kutolea huduma ikiwa hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, mbavu zinaingia ndani anapovuta hewa, midomo inakuwa ya bluu, anasinzia au kuchanganyikiwa, au dawa ya kuvuta haimpi nafuu. Mketishe wima, usimlaze. Mpe mipulizo 4 ya salbutamoli, mmoja baada ya mwingine, avute pumzi 4 kwa kila mpulizo. Rudia baada ya dakika 4 mkiwa mnaandaa usafiri.

Aidha, si kila kikohozi ni pumu. Anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi apimwe kifua kikuu, na wachimbaji wadogo wa dhahabu wamweleze mganga kazi yao, kwani vumbi la mawe huharibu mapafu kwa namna nyingine.

Unapofika zahanati ya kijiji au kituo cha afya, usieleze kifua peke yake. Taja na pua: mafua yalianza lini, hurudi msimu gani, na katika ukoo ni nani mwingine mwenye pumu. Maelezo hayo machache humwezesha mganga kutibu njia yote ya hewa, tangu puani hadi mapafuni.