Hofu ya Sindano na Maana ya Tawakkul



Ndugu zangu, muhula uliopita nililazwa hospitalini nikaambiwa nina kisukari cha aina ya kwanza. Kongosho langu limeacha kutengeneza insulini, kwa hiyo lazima niichome kila siku. Wodini alinichoma nesi, nami nikageuza uso ukutani. Shida ilianza niliporudi hosteli na sindano ikawa mkononi mwangu.

Usiku wa kwanza nilikaa kitandani karibu saa nzima, mkono unatetemeka. Mwisho nikairudisha sindano kwenye boksi, nikajiambia: "Mponyaji ni Allah, namtegemea Yeye." Nikaswali, nikalala. Kesho yake jioni nilikuwa natapika na kuhema kama mtu aliyetoka mbioni. Mwenzangu wa chumbani akanirudisha hospitali kwa bodaboda.

Mimi nasoma Masomo ya Kiislamu. Mlango wa tawakkul nimeufanyia mtihani. Lakini usiku ule niliivisha hofu yangu kanzu ya tawakkul. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Kujitibu ni Sunna. Usama bin Sharik amesimulia kuwa mabedui walimuuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, naye akawaamrisha wajitibu, kwani kila maradhi yana dawa isipokuwa uzee. Mtume mwenyewe aliumikwa na Abu Tayba, kama alivyosimulia Anas. Kuumikwa ni ngozi kuchanjwa na damu kutolewa. Ikiwa mwili wa mbora wa viumbe ulichanjwa kwa ajili ya tiba, tumbo langu ni nani hata likatae sindano fupi? Na yule mwenye ngamia aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee.

2. Kuogopa si upungufu wa imani. Nabii Musa (a.s.) alipoiona fimbo yake imekuwa nyoka, alikimbia. Allah alimwambia asiogope, na akamwamrisha aishike. Aliishika, ikarudi kuwa fimbo. Kwa hiyo usingoje hofu iishe ndipo uanze tiba.

3. Fanya sababu ndogondogo. Naacha spiriti ikauke kabla ya kuchoma, maana ikiwa mbichi huwasha. Natumia sindano mpya, kwa sababu iliyotumika huwa butu na huuma zaidi. Nabadilisha mahali, leo tumboni, kesho pengine kidogo, ili ngozi isivimbe. Nasema Bismillah, natoa pumzi taratibu, nachoma. Pia nimemweleza mwenzangu wa chumbani: akiniona natetemeka na kutokwa jasho, sukari imeshuka, anipe soda yenye sukari upesi. Kuficha maradhi kungeweza kuniua.

4. Usiache wasiwasi wa halali na haramu ukuzuie. Zamani insulini ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Siku hizi nyingi hutengenezwa kwa bakteria au hamira. Kuhusu saumu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, liliamua kuwa sindano za tiba haziibatilishi, isipokuwa zile za lishe. Lakini kama mwenye kisukari anaweza kufunga au la, hilo aulizwe daktari kabla ya Ramadhani kuingia. Akikukataza, rukhsa ya mgonjwa imo ndani ya Qur'ani, na kuipokea ni ibada pia.

Ndugu yangu, dada yangu, huenda nawe umeandikiwa sindano, ya kisukari au ya maradhi mengine, na bado imo kwenye boksi. Mwite mtu mmoja unayemwamini akae nawe usiku wa leo. Mimi mkono bado hutetemeka siku nyingine, lakini nachoma. Ngamia kwanza afungwe, kisha nalala nikimtegemea Mola wangu.

Allah awaponye wagonjwa wetu wote. Amin.

Wabillahi tawfiq.