Woga Usikufunge Mdomo, Mdogo Wangu

Tarehe ya upasuaji umeshapewa, mdogo wangu, na tangu upewe usingizi umekuhama. Mchana unacheka na watu, usiku unahesabu mabati. Ukimwambia mama, anakwambia uombe Mungu. Ukimwambia shoga yako, anakuletea kisa cha binamu wa jirani aliyeingizwa thieta asitoke. Basi umeamua kunyamaza. Sogea hapa tuongee, maana hofu hiyo si yako peke yako. Wanaume wenye vifua vyao hutetemeka wakikiona kile kitanda cha magurudumu, na mama aliyejifungua kwa upasuaji mara mbili huogopa vilevile mara ya tatu. Kumkabidhi mtu usiyemjua mwili wako kisha ufumbe macho si jambo dogo.

Kwa hiyo woga wenyewe sina ugomvi nao. Nagombana na yale mnayoyafanya mkishaogopa, na kubwa kuliko yote ni kuficha. Mnaficha uji mliokunywa alfajiri, mnaficha mirungi, mnaficha kikombe cha mizizi cha bibi, mnaficha pumu ya utotoni. Kuna wanaoficha hata mimba changa. Mnaona mkisema mtaahirishwa, au nesi atawafokea mbele za watu. Wazee walishasema mficha maradhi kifo humuumbua, nami sijui mahali ambapo methali hiyo inauma kama mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

Tuanze na hilo la chakula, maana ndilo linalonikera. Umeambiwa usile. Shangazi anakuja na chupa ya chai ya maziwa, anasema utapataje nguvu za kukatwa na tumbo tupu? Unakunywa kidogo, unafuta mdomo, unaulizwa umekula, unajibu sijala. Mpenzi wangu, hawakunyimi chakula kwa ukatili. Dawa ya nusu kaputi inapokulaza, koo nalo hulala, na lile koo ndilo linalozuia vya tumboni visipande vikaingia kwenye mapafu. Vikiingia huko vinaweza kukuua. Ndiyo maana kwa kawaida chakula kinaachwa angalau saa 6 kabla, na chai ya maziwa na uji vyote ni chakula, hata vikiwa vyepesi vipi. Maji matupu hospitali nyingi huruhusu mpaka saa 2 kabla, lakini fuata ulivyoambiwa wewe, usifuate alivyoambiwa mwenzio. Hata dua yako ya kombe inywe siku ya kabla, wala usiiongezee fundo la asubuhi kwa siri. Na wewe uliyempeleka mtoto, najua analia njaa na moyo unakukatika, lakini hiyo biskuti unayomtilia mdomoni nesi akigeuka si huruma. Ikitokea umeteleza ukala, sema. Kuahirishwa ni aibu ya siku moja tu.

Halafu kuna hayo mengine ya kusema. Presha, sukari, pumu, kifafa, kukoroma na kukatika pumzi usiku. Dawa zote unazomeza, za duka na za kienyeji, maana baadhi ya mitishamba huzidisha damu kutoka na mingine hugombana na dawa ya usingizi. Usiache dawa yako ya presha au sukari kwa uamuzi wako, wala usiimeze kwa uamuzi wako. Uliza ipi imezwe asubuhi hiyo na ipi isubiri. Sigara, pombe, mirungi, bangi, taja bila kuzunguka, kwa sababu anayekulaza anapima dozi kwa mwili ulio nao na wala hatafuti mtu wa kumpeleka polisi. Kama Septrin ilishakuvimbisha midomo, taja. Kama baba yako aliwahi kupata shida kubwa akiwa chini ya nusu kaputi, hilo ni la kutaja kabla ya yote. Ukiona haya mbele ya ndugu, omba uongee na daktari faraghani. Mficha uchi hazai, mdogo wangu.

Na sisi wanawake tuna yetu. Rangi ya kucha itoe, kwa sababu kile kifaa kinachobanwa kidoleni kinapima oksijeni kwa mwanga unaopita kwenye ukucha na nyama, na rangi nzito huweza kukidanganya. Kama umetoka harusini na vidole vimejaa piko, waambie mapema watafute mahali pengine pa kukibana. Chuma cha aina yoyote mwilini, hereni, pete, pini za nywele, kivue nyumbani. Na shanga za kiunoni, ndiyo, nimezitaja, kwa sababu najua zinavyowatia haya mkifika pale. Zivue mwenyewe, au mwambie nesi wa kike kwa sauti ya chini. Ameshaziona nyingi.

Sasa tuyaguse yale yanayokuamsha saa nane ya usiku. Je, nikilala nisiamke? Sitakwambia haiwezekani, maana sitaki kukudanganya. Ila nataka ujue kwamba hutalazwa kisha uachwe. Tangu dawa inaingia mshipani, yupo mtu kichwani pako ambaye hana kazi nyingine isipokuwa wewe, awe daktari wa usingizi au nesi wa usingizi. Anaangalia pumzi, moyo, presha na oksijeni, dakika kwa dakika, mpaka uamke. Muulize jina lake kabla hajaanza. Mwambie, naogopa. Neno hilo halimkasirishi. Mara nyingi ndilo linalomfanya avute kiti akueleze atakavyofanya.

Je, nikizinduka katikati? Hutokea, lakini kwa nadra sana. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Uingereza na Ireland, ukatolewa mwaka 2014, ulipata taarifa ya namna hiyo mara moja katika kila wagonjwa 19,000 hivi waliopewa nusu kaputi. Kwetu huku hutumika pia ketamini, na hiyo ina tabia yake: mtu huweza kuwa wazi macho hali hayupo, na akirudi anasimulia ndoto za ajabu, amepaa, ameongea na marehemu. Basi mtaani inakuwa fulani alikufa akarudi. Ni dawa ile, inapita. Na hofu ya kuropoka siri, ya kumtaja yule bwana mbele ya mume? Wapo wanaobwabwaja kidogo wakiamka, maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Mume hayupo thieta, na waliopo wamefungwa na miiko ya kazi.

Sindano ya mgongo nayo imesingiziwa mengi. Inachomwa chini ya pale uti wa mgongo unapoishia, kwa sindano nyembamba, na miguu inakuwa mizito kama si yako. Utasikia kuvutwa, kusukumwa, na vyuma vikigongana. Maumivu ya kisu hutakiwi kuyasikia. Ukiyasikia, piga kelele, usijikaze kwa ajili ya kuitwa mwanamke shupavu. Kichwa huweza kuuma siku chache baadaye, hasa ukikaa au ukisimama. Hilo nalo lina tiba, rudi useme. Lakini ile habari kwamba mgongo utakuuma maisha yako yote kwa sababu ya sindano moja, iache hapohapo ulipoisikia. Migongo ya wazazi huuma kwa mimba na kubeba mtoto, hata ya wale ambao hawakuchomwa kabisa.

Kuna jambo moja huwatia watu kihoro bila sababu. Unafika, unaulizwa jina. Dakika tano, mwingine anauliza jina, na upasuaji wa nini, na upande gani. Umelala kitandani, wa tatu anauliza yaleyale. Moyo unaruka: kumbe hawanijui! Wangu, hapo ndipo unapolindwa. Shirika la Afya Duniani lilitunga orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha kabla ya kulaza, kabla ya kukata, na kabla ya mgonjwa kutoka, na ilipojaribiwa kwenye hospitali za miji minane, mmoja ulikuwa Ifakara yetu, katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Matokeo yalitangazwa Januari 2009. Katika hospitali hizo kwa ujumla, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kwa kuulizana na kuitikiana tu! Kwa hiyo ukiulizwa mara ya nne, jibu kwa sauti. Na wasipouliza, sema wewe: mimi ni fulani, ninafanyiwa hiki, upande huu.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo hofu yetu inapolinda mlango usioingiwa na mwizi. Tunaogopa zile saa za thieta, tukishaamka tunapiga vigelegele, tunasahau. Mwaka 2018 ulitolewa uchunguzi wa wagonjwa wa upasuaji kutoka nchi 25 za Afrika. Walifariki kama 2 katika kila 100, na zaidi ya vifo 9 katika kila 10 vilitokea baada ya siku ya upasuaji yenyewe kupita. Ndiyo maana nakuomba uchague mtu wa kukaa nawe, na usimchague kwa undugu peke yake. Chagua mwenye macho na mdomo. Akiona jasho la baridi, pumzi za harakaharaka, bandeji inayolowa damu, homa, tumbo linalojaa, mkojo uliokata, au wewe mwenyewe unaongea ovyo, asiseme ngoja kukuche. Aende kwa nesi, na asiposikilizwa aende tena. Wewe nawe, ukiambiwa ukohoe na ukae kitako na utembee, fanya, hata kama mshono unavuta. Maumivu yakizidi, omba dawa. Hakuna thawabu ya kuvumilia maumivu usiku kucha.

Na usiku wa kuamkia siku ya upasuaji? Simu iweke mbali. Zile video za matumbo yaliyofunuliwa hazikufundishi chochote. Wageni wa kulia-lia waambie waje ukishapona. Sali, soma uradi wako, kisha lala chali, kiganja juu ya tumbo, vuta pumzi taratibu, na itoe polepole zaidi ya ulivyoivuta, mpaka mabega yashuke. Ukishindwa kabisa kulala, mwambie nesi wa zamu. Wakati mwingine daktari huandika kidonge cha kutuliza. Usimeze kidonge cha jirani wa kitanda.

Na wewe uliyetoroka wodini, ukavaa khanga yako na kushuka ngazi kabla hawajakuita, usidhani nimekusahau. Najua wapo wengi, na najua unavyopita njia ya mbali kuikwepa ile hospitali. Katika uchunguzi ule wa Afrika, zaidi ya nusu ya waliopasuliwa walifanyiwa kwa haraka au kwa dharura. Wewe bado una nafasi ya kwenda kwa miguu yako, mchana, umeshapimwa damu, mwenye kukulaza akijua historia yako. Ngiri au uvimbe ule haukurudi ndani kwa sababu ulikimbia. Chukua cheti chako, nenda kliniki ileile, mwambie daktari kwamba uliogopa na uombe tarehe nyingine. Akikusema, inamisha kichwa, subiri amalize, kisha muulize tarehe.